Chihuahua anakatika manyoya au anabadilika rangi? Anza na mpaka wa rangi

Jamani haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya Chihuahua wake, na swali ni lile lile, dada mbwa wangu manyoya yanamtoka nimpake nini. Habari ya kupaka mi huwa naiweka pembeni kwanza. Namwomba apige picha nyingine, mbwa alazwe kwenye taulo jeupe karibu na dirisha, halafu afunue manyoya kwa vidole pale rangi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Hapo ndo pa kuanzia. Kama manyoya yamekatika kwenye kijivu peke yake, na ukisogea kidole kimoja tu ukaingia kwenye nyeupe unakuta yamejaa vizuri, basi tatizo linafuata rangi na mbwa kazaliwa nalo, maana kiroboto hachagui rangi wala fangasi hawachagui. Kama upara umepita juu ya nyeupe, kahawia na nyeusi bila kujali mpaka, hapo tafuta mdudu, fangasi, mzio, homoni, chakula, au upara wa kurithi usiofuata rangi. Usipotenganisha haya mawili mapema utamaliza hela yote kwenye shampuu.

Ila huwezi kuangalia mpaka wa rangi kama hujui mbwa wako ni rangi gani, kwa hiyo tuanze na pua.

Mwangalie pua

Chihuahua asili yake Meksiko, jina kalipata kwenye jimbo la Chihuahua kaskazini mwa nchi ile, na anakuja kwa karibu kila rangi unayoweza kuifikiria, mwenye milia, mwenye mabaka, mweusi mwenye vidoa vya kahawia juu ya macho, krimu, chokoleti, we taja tu. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linakubali rangi zote na michanganyiko yote kasoro moja tu, mele, nitaifikia huko chini. Lakini ukichimba unakuta rangi zote hizo zinatokana na rangi mbili za mwilini, nyeusi na nyekundu, nyingine zote ni hizo hizo zimepunguzwa au zimezuiwa sehemu au zimepangwa tofauti.

Sasa ile nyeusi ndo inayopaka pua, midomo, kingo za macho na nyayo. Ndo maana pua inasema ukweli hata muuzaji akinyamaza. Pua nyeusi, rangi haijapunguzwa. Pua ya kahawia kama ini, huyo ni chokoleti. Pua ya kijivu, huyo ni bluu, ile bluu ya wafugaji ambayo kwa macho ya kawaida ni kijivu cha chuma. Chokoleti aliyepunguzwa ndo wanamwita lavenda, na pua yake inakuwa kama kahawia iliyomwagiwa majivu. Na hapa wengi wanakosea: mbwa wa rangi ya mchanga mwenye pua ya kijivu naye ni wa ukoo wa bluu kabisa, ingawa ukimwangalia mwilini huoni bluu popote, kwa hiyo ukisoma habari za bluu hapa chini usiruke ukasema wa kwangu ni krimu haimhusu. Ila krimu na wekundu wengine pua inafifia katikati wakizeeka, hivo usihukumu kwa pua peke yake, linganisha na kingo za macho na midomo.

Dalili: bluu au lavenda anaisha manyoya mgongoni, nyeupe na kahawia zipo salama

Hii ndo inayonigusa kuliko zote, nitakaa hapa kidogo.

Mi nilimchukua Majivu akiwa na wiki kumi, anang'aa kama bati jipya, muuzaji kanipandishia bei kwa sababu bluu ni adimu, nikalipa. Alipofika miezi nane nikaanza kuona blanketi lake limejaa vinywele vifupi vifupi, siyo vile virefu vya kupukutika kawaida. Nikipitisha mkono mgongoni kinyumenyume nahisi kama kidevu cha mwanaume aliyenyoa jana, manyoya yamekatika siyo yameng'oka. Mba nao, na vipele vidogo vyenye kichwa cheupe. Lakini kifuani kwenye nyeupe hamna kitu, juu ya macho vile vidoa vya kahawia vimejaa, miguuni vizuri tu. Nilinunua shampuu tatu tofauti. Jirani akaniambia nimpake oili chafu ya gari, hiyo nilikataa na nitasema sababu mbele.

Daktari wa mifugo alichofanya kilikuwa kidogo sana. Aling'oa vinywele kama kumi kutoka mgongoni, akaviweka kwenye kioo na tone la mafuta, akaniita niangalie kwenye hadubini. Unywele wa kawaida rangi yake imesambaa ndani kama vumbi laini. Wa Majivu ulikuwa na mabonge, kama kokoto zimekwama ndani ya bomba la maji, na pale penye bonge unywele umevimba umepasuka, ndo hapo unapokatikia. Akang'oa na wa kahawia juu ya jicho, ule ulikuwa safi.

Hii ni jeni inayoitwa MLPH. Kazi yake ni kusaidia chembe za rangi zisambazwe vizuri kwenye unywele. Mbwa akipata nakala mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, rangi inajikusanya mabonge na sisi kwa mbali tunaona kijivu kizuri. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa weusi kabisa wamebeba nakala moja moja kimya kimya, na kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anatoka bluu. Siyo kila bluu anapata upara huu, wapo wanaozeeka na manyoya yao, lakini anayeupata mara nyingi unamuanza kati ya miezi sita na miaka mitatu, kwa hiyo kumwona mtoto wa wiki kumi anang'aa haikuhakikishii chochote. Na wauzaji wanajua kwamba utamnunua kabla ya umri huo.

Dawa ya kuuponya hamna. Nasema hivi waziwazi kwa sababu kuna watu wanauziwa mafuta ya kuotesha manyoya mwaka mzima. Kinachowezekana ni kumtunza: vile vipele ni bakteria wanaoingia kwenye vinyweleo vilivyoziba, hivo vinatibika kwa dawa ya daktari na dozi imalizwe, usiikatishe vikipungua. Shampuu iwe laini ya mbwa, siyo sabuni ya kufulia wala ile kali ya dukani ya watu. Usimchane kwa brashi ngumu. Ngozi iliyo wazi inaungua na jua, kwa hiyo saa za jua kali abaki kivulini au avae kifulana cha pamba, na hii ni sawasawa kwa Chihuahua mweupe mwenye pua ya pinki na ncha za masikio za pinki, ukitaka kumpaka losheni ya jua hakikisha haina zinki maana atailamba na zinki ni sumu kwake. Na usimzalishe. Hili la mwisho najua linauma kama ulinunua kwa bei kubwa.

Kuna ndugu yake huu ugonjwa, huo unawapata watoto wenye mabaka meusi na meupe, manyoya meusi yanapotea tangu wiki za mwanzo na meupe yanabaki. Mantiki ile ile, mpaka wa rangi unakuambia.

Dalili: upara wa pande zote mbili sawasawa, hajikuni hata kidogo

Masikio kwa nje yanapungua manyoya, chini ya shingo, kifua, tumbo, nyuma ya mapaja, kushoto na kulia vinafanana. Ngozi laini haina vipele. Alianza akiwa na miezi sita, tisa hivi. Huu ni upara wa kurithi ambao Chihuahua wanao sana na dachshund nao, wale mbwa warefu wa miguu mifupi, hauumi wala hauambukizi, mwache. Wasiwasi uanze kama mbwa ni mtu mzima wa miaka saba nane, amekuwa anakunywa maji mengi ghafla, anakojoa sana, tumbo limeshuka na ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi, hiyo inaweza kuwa homoni za tezi zilizo juu ya figo na inataka kipimo cha damu.

Dalili: upara unavuka rangi zote

Swali la kwanza, anajikuna? Kama anajikuna na upara upo kiunoni na shina la mkia, chukua tishu nyeupe ulowanishe, mchane kwa chanuo la meno ya karibu karibu halafu gongagonga vile vichembe vyeusi juu ya tishu. Subiri dakika moja. Vikiacha rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyopita tumboni kwa kiroboto, hata kama hujamwona kiroboto mwenyewe. Vikibaki vyeusi ni mchanga tu. Na ukipata viroboto kwa mbwa basi vingi zaidi vipo kwenye matandiko na nyufa za sakafu, kutibu mbwa peke yake haisaidii.

Kama anajikuna mpaka halali, na pembe za masikio na viwiko vina magamba, mshike sikio usugue ukingo wake kwa vidole taratibu. Mguu wa nyuma ukianza kupiga piga wenyewe kama anajikuna hewani, fikiria upele wa wadudu wanaochimba ngozi, hasa kama na wewe mwenyewe umeanza kuwashwa mikononi na tumboni pale unapompakata. Huo unaambukiza, mbwa wote wa nyumbani watibiwe pamoja.

Hajikuni sana, ni mtoto, na upara upo kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele? Hapo mara nyingi ni demodeksi, kidudu kinachoishi ndani ya vinyweleo, kila mbwa karibu anacho amerithishwa na mama yake siku za mwanzo, kinazidi pale kinga inapokuwa chini. Hakiambukizi watu. Kikiwa baka moja mawili mara nyingi kinapona chenyewe, kikisambaa ni cha kutibu. Na mabaka ya duara yenye ukingo wa magamba, huku mtoto nyumbani naye ana mashilingi, hao ni fangasi. Daktari anaweza kummulika na taa ya zambarau, fangasi wengine wanawaka kijani, ila wengine hawawaki kabisa, kwa hiyo isipowaka usishangilie, omba waoteshe sampuli.

Sasa kuhusu kupaka. Zile krimu za mchanganyiko za famasi zenye steroidi ndani yake, mtu anampaka mbwa siku mbili wekundu unapungua anafurahi, kumbe demodeksi na fangasi wamepata nafasi ya kustawi. Oili chafu ina madini mazito na kemikali zilizoungua, mbwa wa kilo mbili anailamba yote na nyingine inapita kwenye ngozi, inaua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ndo kabisa usithubutu, nyingi zimetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia mbili mia tatu, na amitrazi iliyomo kwenye baadhi yao hata ile ya mbwa inaonywa isitumike kwa Chihuahua, anapoa mwili, mapigo ya moyo yanashuka, analegea. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vinavyoua viroboto, kupe na hao wadudu wa upele kwa pamoja, ila vinatolewa kwa uzito, kwa hiyo mpime kwenye mizani ya jikoni, usikisie, na kama ana historia ya degedege mwambie daktari kabla hajaandika chochote.

Dalili: mweusi anageuka mwekundu kama kutu

Funua manyoya uangalie shina. Shina jeusi, ncha nyekundu, hilo ni jua na manyoya ya zamani, akibadilisha yatatoka meusi. Shina lenyewe linatoka jekundu, hapo angalia sahani yake. Rangi nyeusi inatengenezwa na mwili kutokana na tairosini, ambayo inapatikana kwenye protini, na mbwa anahitaji nyingi zaidi kutia manyoya weusi kuliko anayohitaji kukua tu, ndo maana unakuta mbwa ana nguvu anacheza haumwi lakini weusi umepauka. Kwetu hapa hii naiona sana, mbwa anakula ugali bonge na mchuzi wa dagaa, dagaa wenyewe wamechujwa wakala watu. Ugali siyo sumu, shida ni kwamba tumbo la Chihuahua ni dogo kama ngumi ya mtoto, likijaa ugali nyama haina pa kukaa. Ongeza nyama, maini kidogo, yai lililopikwa, au mpe chakula kamili cha mbwa, halafu uwe na subira miezi miwili mitatu maana manyoya yaliyokwisha kuota hayabadiliki, unasubiri mapya.

Mweupe ambaye ni mwekundu miguuni tu, kati ya vidole, huyo analamba. Mate yana kitu kinachoacha rangi ya kutu. Tafuta kwa nini analamba, mzio au fangasi wa hamira kati ya vidole, usihangaike kung'arisha. Na ngozi ya kwapani au tumboni ikigeuka nyeusi nene kama ya tembo na inanuka kama mkate uliochacha, ni muwasho wa muda mrefu, tibu muwasho. Vidoa vyeusi bapa kwenye ngozi ya tumbo vya tangu utotoni ni vya kawaida.

Dalili: nilinunua mweusi, sasa ni wa mchanga

Hujatapeliwa. Wapo wanaozaliwa na ncha nyeusi kila unywele, mtoto anaonekana mweusi au kahawia nzito, na kadiri anavyobadilisha manyoya ncha zinaisha anabaki rangi ya mchanga. Mweupe naye anaweza kuanza kutoa vidoadoa wiki chache baada ya kuzaliwa. Wa manyoya marefu wanapukutisha ya utotoni kati ya miezi mitatu na sita wanabaki wamechakaa kweli, yale marefu yanaweza kuchukua mpaka miaka miwili kukamilika. Na manyoya mafupi kwa mafupi yanaweza kuzaa marefu, hiyo nayo imefichwa kama bluu, usimshuku jike.

Dalili: michirizi ya kutu chini ya macho

Jicho moja au yote mawili? Jicho moja, analifumba, anakwepa mwanga, anajisugua kwenye kochi, mpeleke leo hii hii. Macho ya Chihuahua yametoka nje, yanachubuka na jani tu la nyasi, na kidonda cha jicho kinaweza kutoboka ndani ya siku chache. Yote mawili, tangu utoto, mbwa mzima, basi ni machozi kumwagikia usoni badala ya kushuka puani. Rangi inatoka kwenye mabaki ya damu iliyovunjwa mwilini, mbwa mweusi naye anayo ila haionekani. Pamba, maji yaliyochemshwa yakapoa, mkaushe, kila siku. Usimpe unga wa antibayotiki kwa ajili ya urembo, na haidrojeni peroksaidi usiisogeze karibu na jicho.

Dalili: upara wa shilingi moja pale alipochomwa sindano

Unatokea mwezi mpaka miezi kadhaa baada ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa wadogo ndo wanaupata zaidi. Mwonyeshe daktari aandike kwenye kadi yake na mpange sehemu ya kuchoma safari ijayo. Ila chanjo usiiache kwa sababu hiyo, kichaa cha mbwa kikishaanza dalili hakuna kurudi, kwake wala kwako.

Dalili: mtoto wa mele haitiki, au jicho ni dogo

Mele ni yule mwenye mwili uliopauka na mabaka meusi yasiyo na umbo, kama wino umemwagika kwenye karatasi mbichi, na mara nyingi jicho moja la samawati. Watu wanampenda sana na ndo maana anazalishwa. Nakala moja ya jeni hiyo inatoa urembo. Nakala mbili, yaani mele kwa mele, kwa wastani robo ya watoto, zinatoa mtoto karibu mweupe mzima, na huyu anaweza kuwa kiziwi, kipofu, au macho yamebaki madogo hayakukua. Sababu ni kwamba seli za rangi hazipo kwenye manyoya peke yake, sikio la ndani nalo linazihitaji ili lisikie.

Mpime akiwa na wiki sita au zaidi. Subiri alale, wenzake watolewe chumbani maana wakishtuka naye atashtuka, simama nyuma yake asikuone, usikanyage sakafu kwa nguvu, tikisa funguo. Rudia siku tatu tofauti kabla hujasema ni kiziwi. Kiziwi anaishi vizuri tu kwa ishara za mkono, ila asitoke bila kamba.

Na hili wengi hawalijui, mele inaharibu nyeusi tu, haigusi nyekundu. Kwa hiyo krimu au mwekundu anaweza kuwa mele na usione kitu, ukampandisha kwa mele anayeonekana, ukapata wale watoto. Kama ukoo una mele popote, kabla ya kupandisha pata kipimo cha DNA, ni kusugua tu pamba ndani ya shavu.

Ukienda kwa daktari kwa lolote kati ya haya usimwogeshe siku mbili tatu kabla, maana unaosha ushahidi wote. Beba picha za kila wiki mbili ukiwa umeweka sarafu pembeni ya upara ili ukubwa uonekane, jina la kila ulichompaka hata kama unaona aibu, na picha ya wazazi wake kama unayo, pua zionekane.